Vioo Vilivyong'aa Vyote

Mimi husahau mahali nilipoweka miwani, na husahau sufuria jikoni mpaka harufu ije kunitafuta, lakini jina la mtu silisahau. Nikilisikia mara moja limeingia. Nina majina ya wanawake wote niliofua nao nguo katika nyumba za watu, ya watoto wao, na ya waume wao walioaga asubuhi na hawakurudi. Mjukuu wangu aliponiambia niandike habari hii alinionya: "Shosho, usitaje mtu. Siku hizi watu hawapendi." Basi sitataja. Mkiniona nasema mjukuu, wifi, mwalimu, msidhani nimesahau. Majina ninayo, nimeyafungia tu.

Tabia hii niliitoa nyumbani. Kwetu magharibi, salamu haijaisha mpaka ujue mtu ni wa ukoo gani, na mama yake alitolewa ukoo gani. Si udaku. Ni ili kijana asije akamposa msichana ambaye ni dada yake bila kujua. Hapa Nairobi, mtaani kwetu Soweto West, vijana wanakuambia "niaje" na kupita. Mimi nikiambiwa "niaje" najibu, "Poa, na wewe ni wa kwa nani?" Wengine hucheka. Wengine husimama wakaeleza mpaka babu ya babu, na utaona wamefurahi kuulizwa.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, alihamia kwangu alipoanza masomo ya shahada ya pili. Kwao ni mbali na chuo. Kwangu ni chumba kimoja na pazia katikati, lakini steji ya matatu iko karibu. Jioni ya kwanza nilimuuliza anasoma nini. Akasema anasoma seli za neva, zile za ubongo na uti wa mgongo, jinsi zinavyokua kwa kiumbe ambaye bado hajazaliwa.

"Zina nini ndani?"

"Protini nyingi, shosho."

"Zinaitwa nani?"

Akadhani natania. Lakini mtu akiniambia ana ng'ombe, mimi huuliza majina ya ng'ombe. Akanipa. Tubulini. Aktini. Tau, ambayo niliipenda kwa sababu ni fupi na inatosha mdomoni. Kuna nyingine ina herufi na namba kama gari, hiyo nayo nikaishika. Wiki ile ile niliweza kuzitaja zote nikichambua mboga, na mjukuu akitoka kuoga ananisahihisha kutoka nyuma ya pazia.

Jina bila kumjua mwenyewe halinitoshi. Kwa hiyo nikauliza kazi yake kila mmoja. Akanieleza kwamba seli ya neva inazaliwa mviringo kama mbegu, halafu inatoa mkono, na mkono huo unarefuka na kwenda mbali kutafuta mwenzake wa kushikana naye. Nikamuuliza ni nini kinachoushikilia huo mkono usilegee. Alinionyesha ukuta wangu pale karibu na jiko, mahali udongo ulipobanduka na fito zikaonekana.

"Ukitoa fito, ukuta unabaki nini?"

"Matope."

"Basi seli nayo ina fito zake. Ndio kiunzi chake. Tubulini ni zile ndefu, zinafuata nyuma kushikilia. Aktini ni za mbele kabisa, nyembamba, zinapapasa njia, kama vile wewe ukiamka stima imepotea na unatafuta kiberiti."

Nilikaa na ukuta ule siku nyingi. Mwenye nyumba alipomtuma fundi aje azibe, nilimwambia aache kwanza, kuna kitu natazama. Fundi alimtazama mjukuu wangu kama anayeuliza kama mimi ni mzima.

Sasa, fito hizo za seli hazionekani hivi hivi, hata kwa hadubini. Lazima zipakwe rangi, na utapakaje rangi kitu usichokiona? Hapo ndipo nilipoisikia kingamwili. Mnyama akidungwa kitu kigeni, mwili wake unatengeneza askari wa kukitambua kitu hicho na kukishika. Watu wa maabara wanawachukua askari hao na kuwatia kwenye kichupa ambacho kingeingia ndani ya kifuniko cha soda. Wanatumia wawili. Wa kwanza anaingia ndani ya seli na kumshika tubulini, lakini hana rangi. Wa pili anatoka kwa mnyama mwingine, amefundishwa kumshika yule wa kwanza, na huyo ndiye anayebeba taa.

"Kwa nini wa kwanza asibebe taa yake mwenyewe?" nilimuuliza.

"Anaweza. Lakini wa pili wanakuja wengi juu ya mmoja. Taa inakuwa kubwa."

Jambo hili lilinishika kuliko fito. Kwamba mnyama amekaa zizini anakula majani yake, na mwili wake unamjua tubulini kwa sura, na yeye mwenyewe hajui kwamba anajua.

Mwaka wake wa kwanza mjukuu alitumia panya. Niliposikia hivyo nikamwambia asihangaike na chuo, hapa kwetu angejaza gunia kabla ya chai. Akasema hao ni panya weupe, wanaoishi vizuri kuliko sisi. Picha zake za panya zilikuwa nzuri, nyuzi za kijani juu ya weusi. Halafu nyumba ya panya ikafungwa itengenezwe, na mwalimu wake akamwambia ahamie kwenye mayai. Kifaranga anakua haraka, na uti wake wa mgongo ni rahisi kuukata vipande vyembamba na kuvilaza kwenye kioo. Lakini yawe ya kuku aliyepandwa na jogoo. Yale ya trei za dukani hayana kitu ndani.

Hapo nikaingia mimi. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya ploti yao Kawangware, na huuza mayai pale kwenye steji ya 56, kando ya duka la misumari na mabati. Nilienda nikachukua mayai, nikayalaza kwenye beseni juu ya pumba za mahindi yasigongane, nikayaleta mapajani kama mtoto. Mjukuu akayapeleka maabara, akayaweka kwenye mashine ya kuatamia.

Mwalimu alikuwa amemwambia wazi. Kabla ya muhula kufungwa alete picha mbili. Ya kwanza ionyeshe taa imeshika tubulini peke yake. Ya pili iwe ya kioo cha kupimia, kile ambacho hakikutiwa kingamwili ya kwanza kabisa, na hicho kiwe cheusi, kwa sababu wa pili akikosa wa kumshika anaoshwa na kuondoka. Bila picha hizo nafasi yake ya maabara ingepewa mwanafunzi mwingine aliyekuwa akingoja mlangoni, na mjukuu wangu angerudi kwa mama yake asubiri nafasi nyingine. Alinieleza jambo hilo akisugua kiatu kimoja muda mrefu sana.

Picha ya kwanza ya mayai aliniletea kwenye simu. Ilikuwa kijani kitupu.

"Ni nzuri," nilisema. "Imewaka."

"Imewaka yote, shosho. Hiyo ndiyo shida. Hapa ni fito, hapa si fito, na hapa hata si neva, na kote ni kijani." Akasukuma kwa kidole, ikaja picha nyingine, kijani vilevile. "Hiki ndicho kioo cha kupimia. Hapa sikumweka wa kwanza. Sasa niambie, huyu wa pili ameshika nani?"

Nikakaa chini. Mtu ametumwa kumshika mtu ambaye hayupo, na amerudi amemshika. Swali hilo lilinifuata mpaka kitandani.

Alibadilisha kichupa cha pili, akaazima kingine kipya cha aina ileile. Vioo vikang'aa. Alipunguza dawa. Vikang'aa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba vichupa hivyo hivyo, kwa panya, havikuwahi kumsumbua. "Si mimi ni yule yule?" aliniuliza. "Si mikono ni hii hii?"

Kama ni vichupa vile vile na mikono ile ile, nikasema moyoni, basi kilichobadilika ni mayai. Jumamosi nikajifunga leso, nikamvuta mjukuu, tukaenda Kawangware.

Wifi yangu alituona kutoka mbali. "Huyo anakuja na uso wa kudai," akamwambia mteja.

"Nimekuja kuuliza habari ya mayai yako."

"Yamefanya nini? Yameiba?"

"Yanawaka."

"Yanawaka moto?"

"Yanawaka kijani. Kwenye hadubini. Mtoto anakata, anapaka, kila mahali ni kijani mpaka pale asipopaka."

Wifi akaweka mikono kiunoni. "Kuku wangu ni wa kula mchwa na makombo. Kwani wamekula stima?"

"Shosho, hakuna aliyesema ni makosa yako," mjukuu alijaribu kusema, maana na yeye ni shosho wake.

"Wewe nyamaza, nazungumza na huyu. Eti mayai yanawaka. Miaka yote watu wanakula mayai yangu, umeona nani anawaka?"

"Jogoo wako ni mmoja?" nikauliza. "Ni yule yule? Ulimtoa kwa nani?"

"Ni mmoja na anatosha! Tangu lini umeanza kuchunguza jogoo wa watu? Kaka yangu alipokuwa hai hukumchunguza hivi."

Watu walicheka. Mwanamume aliyekuja kununua misumari aliisahau mkononi mwa mwenye duka, akageuka kabisa kutusikiliza. Mimi nami nilicheka, ningefanya nini, maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Tulipotulia wifi alimshika mjukuu kidevu, akamtazama macho yaliyokuwa yameingia ndani, akaenda nyuma ya ploti. Alirudi na mayai kwenye upindo wa leso.

"Haya ni ya yule mweusi. Siyauzi. Alipona kideri mwaka ule kilipomaliza kuku wa ploti nzima. Yakiwaka na haya, basi mwenye taa ni huyu mtoto."

Mayai ya mweusi yakaingia kwenye mashine, yakakaa muda wake, yakakatwa. Yakawaka kuliko yale ya kwanza.

Nilimshauri kuhusu kuosha. Nilifua nguo za watu nusu ya maisha yangu, na najua nguo inayochuja rangi unaisuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Akaniambia kwamba wao huosha, tena mara nyingi, lakini siku ile alikuwa mtu wa kujaribu lolote. Akaosha kwa nguvu. Vipande vyote vikabanduka kwenye vioo, vikaelea kama maganda ya kitunguu. Alirudi nyumbani hakunilaumu, ila kuhusu maji sikusema tena.

Wakati huo muhula ulikuwa unaisha. Niliona ameanza kukunja sweta zake na kuziweka chini kabisa ya begi, kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka nione. Mama yake alipiga simu kuuliza anafunga lini. "Karibu," alimjibu, akakata.

Jumapili tulitoka kanisani, mvua ikanyesha, tukajifungia ndani na chai na mandazi. Bati lilikuwa linapiga kelele hata ukiongea unainua sauti. Nikainua yangu, nikauliza nililozoea kuuliza.

"Hao wawili wako, wa kwanza na wa pili. Hujawahi kuniambia ni wa kwa nani."

"Shosho, ni dawa tu."

"Ulisema wanatoka kwa wanyama. Mnyama si lazima awe na jina la aina yake? Wa pili katoka wapi?"

Akashusha pumzi. "Kwa mbuzi."

"Haya, mbuzi. Na amefundishwa kumshika nani?"

"Wa kwanza."

"Atamjuaje, na hawajawahi kuonana?"

"Amefundishwa kushika kingamwili yoyote ya kuku. Akiiona ni ya kuku, anaishika."

"Kumbe wa kwanza ni wa kuku. Maskini, na wanamtoa damu?"

"Hapana, huyo hata hawamtoi damu." Alikuwa anatafuna huku anaeleza, kwa uvumilivu, kama anavyonieleza kila kitu. "Wanamdunga, halafu wanangoja atage. Kingamwili zake zinaingia zenyewe kwenye kiini cha yai. Wao wanavunja tu mayai, wanazito..."

Akaacha kutafuna. Mdomo umejaa, macho yametoka. Nilidhani andazi limemkwama, nikaruka nikampiga mgongoni.

"Shosho."

"Tema! Tema!"

"Shosho, wacha kunipiga. Ni mayai."

"Ni andazi!"

"Ni mayai. Aki, ni mayai." Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kila kuku anafanya hivyo. Si yule wa kudungwa peke yake. Kila kuku anaweka kingamwili zake kwenye yai, ili kifaranga atoke akiwa na kinga. Mayai ya shosho wa Kawangware yamejaa kingamwili za kuku. Kwa panya hakukuwa na kitu chochote cha kuku, mbuzi alikuwa anamkuta wa kwanza peke yake. Sasa nimemtuma mbuzi akatafute kuku ndani ya kuku."

Watu wa kanisani siku hizi wanasema mimi ndiye niliyeona. Wifi ndiye aliyeeneza hivyo. Sikuona kitu. Nilikuwa nauliza ili nimjue mwenye damu, na hata aliposema hayo yote nilihitaji anirudie mara mbili ndipo nikaelewa. Yeye ndiye aliyeona, na aliona kwa sababu alikuwa anasema kwa sauti jambo ambalo siku zote alikuwa akilijua kimyakimya.

Lakini nilipoelewa sikuweza kulala. Yeye alikuwa amekaa na simu akiandikia watu wa maabara. Mimi nilikuwa namuwaza yule kuku mweusi. Kwa hiyo kideri alichopona, kifaranga wake anakijua kabla ya kukiona. Mama hakumfundisha, hakumwambia. Alimwekea kwenye kiini, akaziba. Kwetu nilipokuwa msichana, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai. Ilikuwa ya wanaume. Yai langu la kwanza nililila hapa Nairobi nikiwa tayari mama wa watoto, nikiwa nimeupa mlango mgongo, na nilishangaa tu kwamba lina ladha ndogo kuliko miiko yake. Sikujua kwamba nilikuwa natafuna kitu kilichojaa mambo ya mtu mwingine. Nikajiuliza mimi niliwawekea nini wangu, na kama kuna siku mtu atatia rangi akaona.

Asubuhi nilimpigia wifi. "Mayai yako hayana kosa. Yamejaa mno, ndiyo shida."

"Nilikuambia," akasema. "Na jogoo?"

"Jogoo hana neno."

"Umuombe msamaha ukija."

Mwalimu, mjukuu aliniambia, alishika kichwa kwa mikono miwili akacheka. Kichupa kile alikuwa amekishika yeye mwenyewe mara nyingi, na maandishi yapo ubavuni. Wote walikisoma. Walipokuwa na panya maandishi yale hayakuwa na maana yoyote, na mayai yalipokuja macho yalikuwa yameshazoea kupita.

Ilibidi apatikane wa kwanza mwingine, asiye wa kuku. Mwanafunzi mmoja wa jengo la pili alikuwa na kingamwili ya tubulini iliyotoka kwa sungura. Akampa tone.

"Sungura mara hii," nilisema.

"Sungura. Na wa pili ni mpya, anashika sungura tu."

"Na ndani ya yai hakuna sungura."

"Hakuna."

"Tuombe tu jogoo wa wifi hajawahi kutembea huko."

Alicheka mpaka akalia, na nilifurahi, maana alikuwa hajacheka wiki hizo zote. Lakini wasiwasi ulikuwepo. Tone ni moja. Mayai yaliyobaki kwenye mashine yalikuwa ya mwisho kabla ya kufunga. Na sungura huyo alikuwa amewahi kujaribiwa kwa panya, si kwa kifaranga. Mjukuu alinituliza kwamba tubulini ya panya, ya kuku na ya mtu zinakaribia kufanana. Nikamuuliza kama zinafanana hivyo, kuku aliyedungwa alijuaje kwamba ile ni ngeni, wakati na yeye anayo yake? Alichukua simu akaliandika. "Hilo," alisema, "nitamuuliza mwalimu."

Siku ya kutazama vioo alisema hawezi kwenda peke yake. Akamwomba mwalimu ruhusa, tukaenda pamoja. Nilivaa viatu vya kanisa. Walinipa koti jeupe lililonifika kwenye vifundo. Mwalimu ni mtu mrefu, mpole, nami nilimuuliza wa wapi, na mama yake ni wa wapi, akanijibu yote bila haraka mpaka mjukuu akanivuta mkono.

Chumba cha hadubini wanakizimia taa. Mashine inanguruma chini chini. Mjukuu aliweka kioo, na alipokisukuma kiligonga chuma mara mbili kabla ya kuingia. Hakutazama. Akaniambia, "Tazama wewe kwanza."

Nikaondoa miwani, nikaweka macho. Nikangoja.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Ni giza tupu. Mmesahau kuwasha?"

"Hata kijani kidogo? Pembeni?"

"Mwanangu, nakuambia hakuna kitu hapa. Naona kope zangu."

Akanikumbatia kwa nyuma, kwa nguvu, mpaka paji langu likagonga hadubini. Katika maisha yangu sijawahi kumpa mtu habari ya kutoona kitu akafurahi vile. Mwalimu akaja, akainama, akatazama muda mrefu kwa jicho moja halafu kwa yote. "Cha kupimia ni cheusi," akasema. Halafu akasema tena, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kazini, "Haya, lete kile kingine."

Kile kingine mjukuu alikitazama mwenyewe kwanza. Sikumwona uso, niliona mgongo tu, na niliuona ukishuka polepole kama mtu aliyetua mzigo. Mwalimu akatazama baada yake. Hakusifu. Alisema apige picha za vioo vyote viwili leo hii, na yule anayengoja mlangoni atatafutiwa meza nyingine. Ndipo wakakumbuka kwamba mimi nipo.

Nilichoona ni hiki. Giza, na ndani ya giza nyuzi za kijani, nyembamba, nyingi, kila moja peke yake. Zilianzia upande mmoja juu, zikashuka zikifuata ukingo kama watu wanaoshikilia ukuta. Zilipofika chini, nyingine ziligeuka zikavuka kwenda upande wa pili. Nyingine, zilizotoka mahali pale pale, zilifika pale pale na hazikuvuka. Zilibaki upande wao zikaendelea. Nilizifuata moja moja. Nilichagua mbili zilizokuwa bega kwa bega tangu juu, nikashuka nazo, na pale chini moja ikaenda na moja ikabaki.

"Hizi mbili," nikasema, "zilikuwa pamoja. Kwa nini huyu amevuka na huyu hakuvuka?"

Mjukuu akainama kuona ni zipi. Mwalimu naye akainama. Nikangoja waniambie.

"Kuna mambo machache yanayojulikana," mwalimu akasema. "Lakini kwa hawa wawili hasa, hatujui."

"Nani anajua?"

Akamwonyesha mjukuu wangu kwa kidevu. "Ataanza kesho."

Walikwenda kando kuzungumza habari za picha. Mimi sikutoka kwenye kiti. Nilirudisha macho pale chini, kwenye ile iliyovuka, nikaifuata upande wa pili mpaka ilipoingia gizani.